Kabaidi ya molibdeni yenye umbo na eneo la uso unalolitaka: mwongozo kamili kwa maabara ndogo ya Mtwara na Lindi

Gramu moja ya kabaidi ya molibdeni (muungano wa metali ya molibdeni na kaboni) yenye chembe za nanomita 100 ina uso wa mita za mraba 6 na ushee. Chembe zikipungua hadi nanomita 30, uso unafika mita 22. Zikiwa nanomita 10, unapata mita 66 kutoka gramu ile ile. Hesabu yake ni rahisi: gawa 6 kwa zao la msongamano na kipenyo cha chembe. Kwa hesabu hizi tumechukua msongamano wa gramu 9.1 kwa sentimita ya ujazo.

Kazi yote iliyomo humu ni kulinda hizo chembe ndogo. Tangu mwaka 1973, watafiti R. B. Levy na Michel Boudart walipoonyesha kwamba kabaidi ya tungsteni hufanya kazi za kichocheo (kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali) kwa namna inayofanana na platini, watu wengi wamejifunza kuitengeneza jamii hii ya kabaidi. Wanaoshindwa mara nyingi hupata kabaidi halisi kabisa, lakini imegandamana kuwa mchanga mzito usiofaa kitu. Umbo huamuliwa kwenye bika (chombo cha glasi cha kuchanganyia), siku mbili kabla tanuri halijawashwa. Tanuri linaweza kulitunza au kuliharibu, lakini haliwezi kulirudisha.

Kwa nini umbo linaweza kubaki

Oksaidi ya molibdeni (MoO3) ina msongamano wa takriban 4.7, na kabaidi (Mo2C) takriban 9.1. Kila atomu ya molibdeni ikihama kutoka oksaidi kwenda kabaidi, nafasi yake inapungua hadi kama theluthi moja. Ikiwa mabadiliko ni ya polepole, ganda la nje la chembe halisogei; nafasi iliyopotea inabaki ndani kama vitundu. Uso mkubwa unatoka kwenye vitundu hivyo. Mabadiliko yakiwa ya haraka, au mvuke wa maji ukikaa juu ya unga ukiwa moto, kuta za vitundu huyeyukiana na chembe hukua. Ukilielewa hili, hitilafu nyingi zilizoelezwa hapa chini utazitabiri mwenyewe.

Njia ya kuanzia: nyuzi za molibdati na anilini

Ziko njia zinazotumia hidrojeni na methani, na tutazigusa mwishoni. Kwa maabara isiyo na mfumo wa kufyonza gesi na king'ora cha kuvuja, anza na hii, kwa sababu inahitaji agoni tu, gesi isiyoungana na vitu vingine. Kaboni, inayotoka kwenye kimiminika kiitwacho anilini, imo tayari ndani ya fuwele, imepangwa tabaka kwa tabaka pamoja na molibdeni, na fuwele yenyewe hujengeka kama uzi.

Mahitaji ya mpishi mmoja (yaani awamu moja ya kupika):

- Amoniamu heptamolibdati yenye maji manne ya fuwele, gramu 2.48
- Anilini, gramu 3.2 (kama mililita 3.1)
- Maji yaliyokenekwa, mililita 40
- Asidi hidrokloriki ya 1 M (moli 1 kwa lita), mililita 50 akiba
- Ethanoli ya kuoshea

Asidi ya 1 M unaitengeneza kwa kumimina mililita 8.3 za asidi kali ya asilimia 37 ndani ya maji, kisha unajaza hadi mililita 100. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Anilini ni sumu inayopenya ngozi na kuzuia damu kubeba oksijeni. Fanya kazi ndani ya kabati la kufyonza hewa, au uwanjani upepo ukiwa mgongoni, ukiwa na miwani na glavu za nitrili, na uzibadilishe glavu mara zikipata tone. Joto la pwani na mwanga huigeuza anilini kahawia ndani ya miezi michache. Ikiwa na rangi ya maji au manjano hafifu, itumie. Ikishakuwa na rangi ya chai ya rangi, usiitumie: mashapo yatatoka machafu, na yakiwa na ukijanikijani ujue imeoksidika. Ihifadhi kwenye chupa nyeusi ndani ya friji ya maabara isiyowekwa chakula.

Yeyusha molibdati kwenye maji hadi pasibaki punje, kisha tia anilini huku kikoroga sumaku kikizunguka. Anilini haichanganyiki vizuri na maji, kwa hiyo mwanzoni utaona matone ya mafuta yakielea. Koroga kwa kasi. Sasa anza kutia asidi tone moja moja. Mwanzoni kila tone linaleta wingu jeupe linalopotea. Wingu likianza kukataa kupotea, punguza mwendo na upime pH (kipimo cha uasidi) kila baada ya matone machache. Simama kati ya 4 na 5. Usifuate kiasi cha asidi alichotumia mwenzako, kwa sababu kinategemea anilini uliyopima na uimara wa asidi yako. Fuata pH. Ukivuka hadi chini ya 3, molibdati hujipanga kwa namna nyingine na unapata vipande badala ya nyuzi. Hapo hakuna kurekebisha kwa kuongeza amonia. Weka kwenye taka uanze upya.

Pasha joto hadi nyuzi 50 za Selsiasi na ukoroge kwa saa 4. Ukiliinua bika kwenye mwanga wa dirisha na kulizungusha, mashapo mazuri yanametameta kama hariri iliyolowana na yanafuata mzunguko wa maji kwa michirizi mirefu. Mashapo yanayozama chini mara moja kama unga wa muhogo si nyuzi. Dalili hii haidai hadubini, na inakuokolea siku nzima ya tanuri.

Chuja, osha kwa ethanoli mara tatu, kausha kwa nyuzi 60 usiku kucha. Kuosha huku kunaondoa kloridi na anilini ya ziada, usikuharakishe. Utegemee kupata karibu gramu 3 za kitangulizi, yaani nyuzi zitakazochomwa kuwa kabaidi. Kikomo cha hesabu ni gramu 3.15. Maji yaliyochujwa yana anilini nyingi. Yakusanye kwenye dumu lenye lebo. Yasimwagwe kwenye karo wala kwenye mtaro unaoelekea baharini.

Msimu wa mvua, Desemba hadi Aprili, kitangulizi kikikaa wazi usiku mmoja kinavuta unyevu wa kutosha kuharibu vipimo vya mizani yako. Kiweke kwenye chupa yenye silika (vipunje vya kufyonza unyevu).

Tanuri na agoni

Unahitaji tanuri la bomba lenye mrija wa kwazi (glasi inayostahimili joto kali). Kwazi inatosha, kwa kuwa hatuvuki nyuzi 850. Kisahani kiwe cha alumina, kirefu chembamba mfano wa mtumbwi.

Agoni ya mafundi wa kuchomelea inafaa, ila inabeba oksijeni kidogo na unyevu, na kidogo hicho kwa saa 15 kinatosha kuivisha kabaidi yako kutu ya oksaidi. Weka mrija mdogo wa pili kabla ya tanuri, uujaze nyaya za shaba zilizochunwa na kusafishwa, uupashe nyuzi 450. Shaba nyekundu ikishakuwa nyeusi urefu wa zaidi ya nusu, badilisha. Mbele ya shaba weka mrija wa silika ya kukausha.

Gesi ya kupikia ya mitungi isikaribie kazi hii hata kama mtu atakuambia "nayo ina kaboni". Ni propani na butani, na harufu yake inatoka kwenye kemikali ya salfa inayotiwa makusudi ili uvujaji unuswe. Salfa inashika uso wa kabaidi na haitoki.

Hesabu ya agoni ni hivi. Mrija wa kipenyo cha ndani cha sentimita 5 na urefu wa mita 1 una ujazo wa lita 2. Fukuza hewa kwa mililita 500 kwa dakika kwa nusu saa: lita 15, yaani ujazo wa mrija mara saba na zaidi. Kisha shusha hadi mililita 100 kwa dakika, ambayo ni lita 6 kwa saa. Mpishi mzima pamoja na kupoa unatumia kama lita 135. Mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa shinikizo la ba 150 una kama lita 7,500, hivyo unatosha zaidi ya mipishi 40 hata ukivuja kidogo. Pamoja na hayo, weka mtungi wa akiba. Agoni ya huku inakuja kwa barabara kutoka Dar es Salaam, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo maeneo ya Somanga.

Mwishoni mwa mrija weka chupa mbili: ya kwanza tupu, ya pili yenye maji yanayotoa mapovu. Ile tupu ndiyo muhimu. Tanuri likipoa au umeme ukikatika, gesi ndani inasinyaa na kunyonya maji kuelekea kwenye kwazi yenye moto. Mrija unapasuka. Chupa tupu inayapokea hayo maji kabla hayajafika. Kutoka chupa ya pili, bomba lipeleke gesi nje ya jengo, mbali na dirisha. Mpishi mmoja wa gramu 3 unaweza kutoa karibu lita moja ya monoksaidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua. Chumba kiwe na king'ora chake.

Kabla ya mpishi wa kwanza, pima joto la ndani ya mrija. Thamokapo (waya wa kupimia joto) ya tanuri mara nyingi iko nje ya mrija, na tofauti ya nyuzi 20 hadi 30 ni ya kawaida. Kama huna thamokapo ya pili, tumia chumvi safi ya maabara: kloridi ya sodiamu inayeyuka kwa nyuzi 801. Weka punje chache kwenye kikombe kidogo cha alumina chenye kifuniko, panda nyuzi 5 kila mara, poza na uangalie. Chumvi ya mashamba yetu ya pwani haifai hapa, kwa sababu ina magnesiamu na inaanza kulainika mapema. Fanya kipimo hiki mara moja tu, kwa kuwa mvuke wa chumvi unakula kwazi.

Kuchoma

Tandaza gramu 1 ya kitangulizi kwenye kisahani, unene usizidi milimita 4. Andika uzito hadi miligramu. Fukuza hewa kama ilivyoelezwa, kisha:

1. Panda nyuzi 2 kwa dakika hadi 725. Itachukua karibu saa 6.
2. Kaa hapo saa 5.
3. Zima na uache lipoe lenyewe, agoni ikiendelea, hadi joto la chumba.

Hatari kubwa iko kati ya nyuzi 200 na 400, ambapo maji, amonia na anilini vinatoka kwa pamoja. Ukipanda nyuzi 10 kwa dakika ili uwahi kurudi nyumbani, anilini itatoroka kabla haijageuka kuwa kaboni. Kitangulizi kina atomu 12 za kaboni kwa kila 3 za molibdeni. Ikiwa oksijeni yote itatoka kama monoksaidi, 10 zinatumika kuibeba, 1.5 zinabaki kwenye kabaidi, na inasalia nusu tu. Sehemu ya oksijeni hutoka kama maji, kwa hiyo una nafasi kidogo, lakini si ya kuchezea.

Umeme ukikatika katikati, usifungue kitu. Acha agoni ipite, hakikisha mapovu yanaendelea. Ukirudi, panda tena kwa nyuzi 2 na uanze upya saa 5. Unga huvumilia kukatizwa, haustahimili hewa.

Kuivisha ngozi kabla ya kuitoa

Kabaidi mbichi yenye chembe ndogo ikikutana na hewa ghafla inaweza kuwaka mkononi. Ikishapoa kabisa, na mrija ukishikika kwa mkono mtupu, changanya hewa kavu mililita 5 kwa dakika na agoni mililita 95. Hiyo inakupa oksijeni asilimia 1 hivi. Iache saa 4 hadi 6. Gusa mrija kila nusu saa ya mwanzo. Ukihisi vuguvugu, funga hewa, subiri, uanze na mililita 2. Ngozi ya oksaidi inayopatikana ni ya tabaka chache za atomu na huondolewa baadaye kwa hidrojeni pale kichocheo kinapotumiwa.

Mizani inakuambia nini

Kabla ya kutafuta mashine ya eksirei, pima. Gramu 1.000 ya kitangulizi safi ikiwa kabaidi tupu inabaki gramu 0.455. Ikiishia kwenye oksaidi ya MoO2 inabaki 0.571. Ukipata 0.46 hadi 0.49 na unga mweusi wenye ukijivu, uko vizuri. Hiyo ziada ni kaboni huru na ngozi ya oksaidi. Ukipata 0.54 na unga una wekundu wa zambarau au kahawia iliyoiva, bado oksaidi imo: ama joto la kweli lilikuwa chini, ama anilini ilitoroka, ama agoni ina oksijeni. Uzito chini ya 0.45 ni dalili kwamba kitangulizi hakikukauka, au unga umepeperushwa na gesi.

Ukipata mashine ya eksirei yenye shabaha ya shaba, kabaidi ya umbo la pembe sita inatoa vilele kwenye nyuzi 34.4, 38.0, 39.4, 52.1, 61.5, 69.6, 74.6 na 75.5. Kilele cha 26.0 pamoja na 37.0 ni MoO2. Cha 40.5 ni molibdeni tupu, maana yake kaboni ilipungua. Kilima kipana kati ya 24 na 26 ni kaboni huru.

Eneo la uso hupimwa kwa naitrojeni kwenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Peleka walau gramu 0.4, vinginevyo jumla ya uso ni ndogo kuliko makosa ya mashine. Sampuli ikaushwe kwa nyuzi 150 hadi 200 bila hewa. Njia hii hutoa makumi ya mita za mraba kwa gramu. Ukisoma 8, angalia joto kwanza: kuanzia nyuzi joto 850, nyuzi za kabaidi hukatika na kuwa shanga, na shanga huungana.

Tahadhari moja kuhusu namba kubwa. Mtu akikuonyesha kabaidi ya mita 300 kwa gramu, uliza ina kaboni huru kiasi gani. Kaboni yenye vitundu ina uso mkubwa sana, na asilimia 20 yake inatosha kuipamba sampuli mbovu.

Umbo la punje: kaboni ya vifuu vya nazi

Kama unataka punje za kujaza kwenye mrija wa kichocheo badala ya unga, acha kaboni ikupe umbo. Vifuu vya nazi ni bora kuliko maganda ya korosho, ingawa maganda yamejaa kila mahali msimu wa ubanguaji. Mafuta ya ganda la korosho yanachubua ngozi, moshi wake unaumiza macho, na mkaa wake hutoka laini unaomeguka. Kifuu kina mbao ngumu, na mkaa wake unashikilia umbo. Grafiti ya Ruangwa, ambayo wengi huiulizia, ni nzuri kwa kazi zake, ila hapa uso wake ni mdogo na inachelewa kuungana na oksaidi.

Choma vifuu bila hewa kwa nyuzi 700, ponda, chekecha punje za milimita 0.5 hadi 1. Chemsha kwenye asidi hidrokloriki ya 1 M kwa saa moja na suuza hadi pH ya maji isibadilike. Mkaa una potasiamu, na uliokaa pwani una chumvi pia. Vyote viwili huharakisha ukuaji wa chembe.

Pima uwezo wake wa kunywa maji: kwa gramu 5 za mkaa mkavu, tia maji kwa sindano huku ukikoroga hadi punje zianze kushikana. Andika mililita. Yeyusha gramu 1.84 za molibdati kwenye kiasi hicho hicho cha maji ya vuguvugu, uvitie kwa awamu mbili, ukikausha kwa nyuzi 110 katikati. Hiyo ni gramu 1 ya molibdeni. Ukijaza maji kupita uwezo wa mkaa, chumvi inakauka nje ya punje na kabaidi itakuwa ganda linalopukutika. Choma kwenye agoni, nyuzi 3 kwa dakika hadi 825, saa 3.

Kiasi kinachoshiriki ni MoO3 mbili kwa kaboni saba, yaani gramu 10 za oksaidi zinakula gramu 2.92 za kaboni. Hapa una kaboni nyingi ya ziada, na ndiyo inayobeba punje. Usijaribu kuichoma ziada kwa hewa. Kabaidi nayo itaoksidika.

Hidrojeni na methani

Maabara yenye vifaa kamili hupitisha methani asilimia 20 na hidrojeni asilimia 80 juu ya MoO3, ikipanda nyuzi 1 kwa dakika hadi 700 na kukaa saa moja. Mvuke wa maji unaotoka ndio adui, kwa hiyo tabaka liwe jembamba na mtiririko mkubwa. Ukizidisha muda, methani inavunjika na masizi yanaziba vitundu. Gesi asilia ya Mnazi Bay ni methani kwa sehemu kubwa, lakini ya bomba si ya kuunganisha kwenye tanuri. Nunua methani yenye cheti cha usafi.

Kutunza na kusafirisha

Hifadhi unga kwenye chupa ndogo iliyojazwa hadi juu, iliyopulizwa agoni, kifuniko kimezungushiwa utepe, ndani ya chupa ya pili yenye silika. Andika tarehe, joto, muda, na uzito kabla na baada. Unga ambao haujavishwa ngozi usipande basi kwenda kupimwa mkoa mwingine. Hata uliovishwa, weka dakika 10 kwenye kisahani cha udongo hewani kwanza, mkono ukiwa mbali, kisha pima joto lake kabla ya kuufunga.